Ulimwita Nani?

Daktari Ekisa tulimzika kwao Angurai mwezi uliopita, na hata siku hiyo wapasuaji aliowafundisha walinichosha. Padri amemaliza, jeneza liko chini, watu wa ukoo wanatupa udongo kwa mkono, mara nikawaona wamejipanga mstari kando ya kaburi, wa zamani mbele, wa juzi nyuma, na hakuna aliyewaambia wajipange. Mmoja mwenye mvi alikuwa ametoka kupokea simu. Waliokuwa nyuma yake wakasimama tu wakamngoja, udongo ukiwakaukia viganjani, mpaka akarudi mahali pake. Mama mmoja aliyebeba mtoto karibu nami akaniuliza, "Hawa ni wanajeshi?" Nikamwambia, "Afadhali wangekuwa wanajeshi. Jeshini mtu huenda likizo." Ndugu yangu Wandera, ambaye siku hizi naye ni daktari bingwa, alikuwa katikati ya mstari, macho mbele. Baadaye tulipokaa chini ya tenti kula, nikamsikia akimuuliza kijana mmoja anayemfundisha, kwa sauti ya chini kabisa, "Na wewe ulimwita nani?" Kijana akaangalia sahani yake. Nikarudisha nyama sahanini. Swali hilo nalijua. Nililisikia mara ya kwanza kupitia dirisha la jikoni, anaulizwa Wandera mwenyewe, katika mwaka ambao nusura utoe jina lake kwenye upasuaji kabisa.

Sitasimulia tulivyobaki peke yetu bila wazazi. Habari hiyo imesimuliwa vya kutosha na watu ambao hawakuwepo. Mimi niliacha shule darasa la saba, wadogo zangu wakaendelea, na Wandera akaendelea kupita wote. Nilidhani mtu akiendelea, siku moja hufika. Alimaliza chuo kikuu, akamaliza mwaka wa uanagenzi, akafanya kazi ya udaktari kwenye kituo cha afya upande wa Namboboto, watu wakimwamkia njiani, nami huku Malaba nikiuza chai na chapati kwenye foleni ya malori, nikiwaambia madereva kwamba ndugu yangu ni daktari. Halafu siku moja akaja kibandani, akakaa kwenye benchi, akasema, "Dada, narudi shule." Nikamuuliza nani amemfukuza kazi. Akasema hakuna, anataka kusomea upasuaji kwenye ile hospitali ya misheni iliyo kati ya Busia na Malaba, ambayo ilikuwa imeanza kufundisha wapasuaji. "Kwa muda gani?" "Miaka mitano." Nikaweka kijiko chini. "Si wewe ni daktari?" "Daktari wa kawaida, Dada." "Na wagonjwa wa Namboboto wamekuwa wakitibiwa na nani, askari wa getini?" Dereva mmoja wa Mombasa, aliyekuwa akingoja karatasi zake tangu jana yake, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Boss," akamwambia Wandera, "yaani hata daktari hurudia darasa?"

Wandera hakucheka. Alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni, ya kueleza jambo kana kwamba waliokuwa wanacheka wamekwenda zao. Akachukua vikombe vyangu akavipanga kwenye benchi. Kila mwaka hospitali inachukua daktari mmoja tu, akasema, kwa hiyo wakati wowote wako watano, kama ngazi. Wa Mwaka wa Kwanza ndiye anayejua kila mgonjwa wa wodi, nani ametapika, nani amepata choo, damu ya nani imerudi maabara, na asubuhi anawaeleza wengine akiwa amesimama. Ndani ya thieta, chumba cha kupasulia, anashika vyuma vya kuvuta kidonda kiwe wazi, wenzake wafanye kazi. Wa Mwaka wa Pili anafunga kidonda, anafanya upasuaji mdogo mtu akimwangalia, na mwisho wa mwaka huo kuna mtihani ambao ukiushindwa unabaki hapo hapo. Wa Tatu na wa Nne wanatumwa miezi kadhaa kwenye hospitali kubwa mjini, wakajifunze mifupa, watoto wachanga, mambo ya kichwa, kisha wanarudi. Wa Tano wanamwita Chifu. Huyo ndiye anayepanga zamu, ndiye anayepasua, na daktari bingwa anasimama kando amekunja mikono. Na kila operesheni inaandikwa kwamba ulisaidia tu, au ulifanya ukisimamiwa, au ulifanya mwenyewe. "Unapanda pole pole," akasema. Nikamwambia hivyo vikombe navihitaji, wateja wanangoja.

Mungu ana mizaha yake. Kabla ya mwaka huo wa masomo kuanza, barabara ya Malaba ilipanuliwa na kibanda changu kikabomolewa pamoja na vya wenzangu. Nikasikia masista wa ile misheni wanatafuta mpishi wa nyumba ya madaktari wanaosomea upasuaji. Nikaenda, nikapika samaki mbele ya sista mmoja mzee, nikaajiriwa. Wandera aliponikuta jikoni siku ya kwanza, nimefunga leso, alisimama mlangoni kwa muda. "Dada, unafanya nini hapa?" "Nafanya kazi. Na wewe?" Akasema ni sawa, akaenda kuwaambia wenzake wazi kwamba huyu ni dada yangu mkubwa. Hakuona haya. Hilo nampa mpaka leo. Lakini naona sasa kwamba alikuwa na kitu cha kusema ambacho hakukisema, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea, sishangai.

Nyumba hiyo ilikuwa ya matofali mekundu, ya zamani, na chumba cha kulia kilikuwa na meza moja ndefu ya mbao. Kati ya chumba hicho na jikoni kulikuwa na dirisha dogo la kupitishia vyakula, na kupitia hapo nilisikia kila kitu, nitake nisitake. Mezani walikaa kwa kufuata mwaka wa masomo. Chifu kichwani, kisha wa Nne, wa Tatu, wa Pili, na mwisho kabisa, karibu na mlango ambao upepo ulipitia, Wandera. Chifu mwaka huo alikuwa Daktari Muthoni, mwanamke mrefu wa Nyeri aliyekula haraka kama mtu anayefukuzwa. Wa Pili alikuwa Simiyu wa Kitale, ambaye hakuwahi kunyamaza. Nilipopakua mara ya kwanza, nikampa Wandera kwanza, maana ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Muthoni, aliyeniita mama kwa lugha ya vijana wa mjini, akasema kwa upole, "Mathe, hapa tunaanzia juu." Nikamuuliza juu ni wapi. "Kwangu," akasema, akainua sahani. Basi kuanzia siku hiyo nilianzia juu, nikishuka na mwiko, na kila siku mtoto niliyemtafunia chakula alipata kilichobaki, na mara nyingi kabla hajatia tonge mdomoni simu ya wodi ililia na yeye ndiye aliyenyanyuka. Simiyu angemsukumia mchuzi na kusema, "Enda, mheshimiwa, wananchi wanakuita." Huwezi kujua jinsi kitu hicho kilivyonikera. Nilikuwa nimeona foleni za malori zenye haki kuliko meza ile.

Na vituko vyao havikuishia mezani. Wandera alikuwa akijifundisha kufunga mafundo, kwa mkono mmoja, kwa haraka, bila kuangalia, na alifunga kila kilichoshikika. Nilikuta nyuzi kwenye mgongo wa viti, kwenye mpini wa sufuria, kwenye kitasa cha stoo. Jumapili moja nilitoa kuku kwenye friji nikamkuta ameshonwa paja, mshono mzuri, ulionyooka. Nikamwita. "Huyu alikuwa anaumwa nini?" Akaniambia ngozi ya kuku inakaribia kuwa kama ngozi ya mtoto. Nikamwambia nyuzi zile sizijui zimetoka wapi na sitawalisha watu nyuzi, azifumue. Akazifumua, moja moja, kwa subira ileile aliyozishonea. Muthoni naye alikuwa na lake. Hakupenda ugali wetu wa wimbi na muhogo. "Mathe, leo tena udongo?" Nami nikamjibu, "Ndio uliomjenga huyo anayekuchotea majibu ya maabara." Alicheka. Nilianza kumpenda, jambo ambalo nalo lilinikera.

Ila kuna sheria moja ambayo waliirudia kuliko zote, na hiyo ndiyo iliyotuletea taabu. Ukikwama, ita wa juu yako. Mwanagenzi anamwita wa Kwanza, wa Kwanza anamwita wa Pili au Chifu, Chifu anamwita Daktari Ekisa, na hakuna anayelaumiwa kwa kuita, hata kama ni bure. Ukisikia hivyo unaona ni jambo rahisi. Lakini nyumbani kwetu sheria ilikuwa nyingine, na mimi ndiye niliyeiweka. Hatuombi. Jirani asijue unga umeisha. Mwalimu asijue kwamba kiatu kimekufa. Kama mzigo ni mzito, unaubeba kwa awamu. Watu waliokuwa na wazazi walikuwa wanaomba chumvi na kurudishiwa tabasamu. Sisi tukiomba chumvi tulirudishiwa maneno, mkutano, na mjomba wa mbali anayetaka kutugawa, huyu aende kwa fulani, yule kwa fulani. Tulibaki nyumba moja kwa sababu hatukumpa mtu sababu ya kuingia. Sioni kwamba nilikosea. Nilikuwa nawalea watoto wa kwetu huko Samia, sikuwa nawalea wapasuaji.

Okiring alikuwa mpakiaji mizigo wa Malaba, mtu niliyemjua tangu enzi za kibanda changu, anayeweza kubeba gunia la vitunguu huku akikusimulia mechi. Alikuwa na henia, ile wengine huiita ngiri, kinundu kinenani alichokuwa akikirudisha ndani kwa kidole na kuendelea na kazi. Alasiri moja kikatoka kikakataa kurudi. Wenzake wakamleta hospitali, na aliyempokea alikuwa Wandera. Muthoni na Daktari Ekisa walikuwa thieta na mama mmoja ambaye tumbo lake liliwapa kazi kubwa. Wandera akamlaza Okiring, akainua miguu, akampa dawa ya maumivu, akasukuma taratibu mpaka kinundu kikaingia. Akaridhika. Maumivu yakarudi. Akaenda kumwona tena, akaongeza maji ya dripu, akakaa naye, akaenda, akarudi. Simu ilikuwa mfukoni mwa koti lake wakati wote huo. Jua lilipokuwa linashuka, Simiyu alipita akielekea kula, akaweka mkono kwenye tumbo la Okiring kwa sekunde chache tu, akatoa simu yake pale pale. Kilichokuwa kimerudi ndani kilirudi kikiwa kimeshabanwa na kuanza kufa. Walimpasua, wakakata kipande cha utumbo, wakaunganisha. Alipona. Lakini alilala wodini wiki nyingi mtu ambaye angeenda nyumbani baada ya siku chache, na nilipompelekea uji aliniambia, bila uchungu, kama utani wa foleni, "Dada Ajiambo, huyo ndugu yako anaogopa simu?"

Alhamisi ndiyo siku ya mkutano wa yaliyoharibika. Kila wiki wanakaa na kujadili wagonjwa waliokufa au walioumia zaidi mikononi mwao, na anayesimama kusema ni yule aliyekuwa pale. Kwa kawaida walikutana ukumbini, lakini ukumbi ulikuwa unapakwa rangi, kwa hiyo wiki hiyo wakakutana kwenye meza yangu. Nilikuwa nachagua mboga za kunde. Daktari Ekisa alikuwa mtu mdogo wa mwili, Mteso wa Angurai, sauti yake laini kiasi kwamba uliacha unachofanya ili umsikie. Wandera akasimama, akasema yote bila kuficha, saa ya kufika, alivyosukuma, dripu, tumbo. Akamaliza.

"Ulimwita nani?" akauliza Daktari Ekisa.

"Sikumwita mtu, daktari."

"Chifu alikuwa wapi?"

"Thieta."

"Thieta ni mbali?"

"Hapana."

"Mlango ulikuwa na kufuli?"

"Hapana, daktari."

"Simiyu alikuwa wapi?"

"Wodi ya akina mama."

"Kwa hiyo ulimwita nani?"

Nilitaka kupenyeza kichwa kwenye lile dirisha nimwambie ameshajibu. Daktari Ekisa akavua miwani. "Kutojua si kosa hapa," akasema. "Umekuja kwa sababu hujui. Kosa ni kukaa peke yako na usichokijua, ukikaa nacho juu ya tumbo la mtu mwingine. Na hii si mara ya kwanza, ni mara ya kwanza mtu kuumia." Muthoni akaangalia meza. "Mwisho wa mwaka nitaamua kama unaendelea. Kiti cha Mwaka wa Pili kinaweza kubaki wazi. Kimewahi kubaki wazi." Kisha wakahamia mgonjwa mwingine, kana kwamba waliyoyasema yalikuwa habari ya hali ya hewa, na hicho ndicho kilichonishinda kuvumilia.

Daktari Ekisa alikuwa na desturi ya kurudisha kikombe chake jikoni mwenyewe. Nilimngojea. Nikamwambia, "Daktari, yule kijana hakufundishwa kuita watu. Kwetu ukiita, nani alikuwa wa kuitika?" Akaweka kikombe kwenye karai. "Naelewa, mama." "Kama unaelewa, mbona unamfukuza?" "Sijamfukuza." Akafuta mikono kwa kitambaa changu, polepole, kidole kwa kidole, namna wanavyofanya wote. "Lakini siwezi kumwambia mgonjwa kwamba daktari wako alilelewa kwa shida, kwa hiyo vumilia." Nilikuwa na hasira na mtu ambaye hakuwa amenikosea, na hakuna hasira mbaya kama hiyo, kwa sababu huna pa kuiweka.

Nikaiweka kwenye ugali. Siku iliyofuata nilipakua kutoka juu kama walivyotaka, Chifu, wa Nne, wa Tatu, Simiyu, na nilipofika kwa Wandera nikarudi jikoni na sufuria. Alikaa na sahani tupu. Alidhani nimesahau. Wakala, wakainuka, naye akainuka, akaenda wodini na njaa. Jioni ikawa hivyo hivyo, na kesho yake pia. Alinunua mkate kwenye kibanda cha getini, nikajua kwa sababu mwenye kibanda ni rafiki yangu. Muthoni akasema, "Mathe, Mwaka wa Kwanza hana chakula." "Ana mdomo," nikajibu. Simiyu akaelewa kabla ya wengine wote, akaanza kula kwa sauti, akisifu samaki, akisifu kila mfupa. Hatimaye nikasikia kutoka mwisho wa meza, kwa sauti ambayo ungedhani imetolewa kwa koleo, "Dada."

"Naam."

"Ugali."

"Ugali umefanya nini?"

Meza ikaangua kicheko. Hata wa Nne, ambaye sikuwahi kuona meno yake. Wandera akafumba macho. "Naomba ugali." Nikampakulia mlima, na nusu ya samaki niliyokuwa nimejiwekea mwenyewe.

Ingekuwa hadithi nzuri kama ningesema kwamba ugali ndio uliomponya. Haukumponya. Wiki ileile alikaa asubuhi nzima na karatasi ya picha ya eksirei asiyoielewa mpaka Simiyu akamnyang'anya. Aliyemtia adabu kweli ni Muthoni, kwa njia ambayo sikuiona kuwa ya akili. Alimwamuru ampigie simu kwa kila kitu, hata kwa anachokijua. Homa, piga. Bandeji imelowa, piga. Mgonjwa amekula, piga. Simu yake ililia mezani bila kukoma, naye akaitikia na tonge shavuni, "Ndiyo. Ndiyo. Sawa, endelea." Nikamuuliza kwa nini anajitesa. Akasema, "Mathe, huyu akiona aibu mara mia kwa vitu vidogo, aibu itamwishia." Alikuwa na miezi michache tu kabla ya mtihani wake wa mwisho, ana vitabu vya kusoma, na bado aliitikia. Mpaka leo nikikumbuka najiuliza kama ni moyo mzuri au ni ukaidi. Ndani ya nyumba ile vitu hivyo viwili vilifanana sana.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza. Walikuwa wanakula mchana, wote isipokuwa Wandera aliyekuwa upande wa wagonjwa wa dharura, simu ya Muthoni ikalia. Akaiweka sikioni akitarajia bandeji. Sauti ya simu ile ilikuwa kubwa, hata jikoni ilifika. Wandera hakusalimu. Alisema, "Chifu, nimekwama. Njoo." Ni hayo tu. Muthoni akasimama kabla hajakata simu, na wengine watatu wakasimama naye, viti vikakwaruza sakafu, mlango ukabaki wazi na mvua ikaingia mpaka kwenye kiti cha Wandera. Nikabaki na sahani zenye chakula cha moto. Mgonjwa alikuwa msichana wa shule, fahali wa nyumbani kwao alikuwa amempiga pembe ubavuni, kwa nje mchubuko tu, kumbe ndani wengu umepasuka. Wandera alikuwa ameona mapigo ya moyo yanakimbia na shinikizo la damu linashuka, na hakungoja kujua sababu. Daktari Ekisa aliitwa, akapasua akiwa na Muthoni, Wandera akashika vyuma. Msichana akapona. Nami wakati huo nilikuwa nakausha sakafu kwa tambara, nikilia, na sikuwa nalia kwa furaha. Mvulana huyu alibeba madumu ya maji kutoka kisimani mpaka viganja vikapasuka, na hakuniambia amechoka. Alilala njaa akidai ameshiba. Neno lile, nimekwama, sikuwahi kulisikia kutoka kwake. Ilibidi nilisikie kupitia simu, anaambiwa mwanamke wa Nyeri.

Uamuzi wa Daktari Ekisa ulikuja siku chache kabla ya wanafunzi kupewa mapumziko. Aliwaita ofisini mmoja mmoja, kuanzia juu, bila shaka. Nilimaliza vyombo vyote, nikavirudia. Wandera alipokuja jikoni ilikuwa jioni, taa zimewashwa. Akasema, "Naendelea. Mwaka wa Pili." Nikasema asante Mungu, nikamvutia kigoda, akakataa kukaa. Nikajua kuna kitu. Uso wake ulikuwa kama siku ya mkutano, ule wa kusimama na kusema yote.

"Dada, nina ombi," akasema.

Nikazima jiko. Miaka yote hiyo, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ombi lolote ningelikubali. Viatu, koti, kiwanja, chochote.

"Sema."

"Naomba uache kazi hapa."

Nilidhani nimemsikia vibaya, lakini alikuwa ameshaendelea. Akasema nikiwa hapa, kila akikwama anasikia sufuria zangu. Hata akiwa wodini anazisikia. Anataka kulimaliza jambo mwenyewe kabla sijajua kwamba limemshinda, na anapigana na hilo kila siku, na siku ya yule msichana alishika simu mkononi akahesabu moyoni kabla ya kuipiga. "Siku nyingine nitahesabu zaidi," akasema. "Na mwakani ndio nitaanza kushika kisu."

"Mwaka mzima nimekupikia."

"Najua."

"Nimeanzia juu, kama walivyotaka. Nimekula maneno ya Chifu wako kuhusu ugali wangu. Wamekaa hapa watu wazima wote, na bingwa wenu, wanakufundisha kuomba, nami nikasaidia. Sasa umejua. Na kitu cha kwanza unachoomba ni hiki."

"Sina mwingine wa kumwomba hiki," akasema.

Nikamwangalia. Alikuwa na nywele nyeupe moja juu ya sikio ambayo sikuwa nimeiona, na uzi mweusi ulikuwa umening'inia kwenye kifungo cha koti, umefungwa mafundo mpaka mwisho. Hakugeuza macho. Zamani angekuwa ameshasema basi sahau, si kitu.

"Umekasirika, Dada?"

"Nimekasirika sana."

"Lakini utaenda?"

"Si umeomba," nikamwambia. "Kesho, baada ya chakula cha mchana. Maharagwe nimeshayaloweka."